Taa ya ukungu ya nyuma imeangusha gari langu kwenye MOT. Nianzie wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Leicester, natumia gari dogo la Kijerumani la mwaka 2002 nililoachiwa na kaka yangu alipohamia Canada. Juzi nimelipeleka MOT, ule ukaguzi wa magari wa lazima wa huku Uingereza, likaanguka kwa kitu kimoja tu: taa ya ukungu ya nyuma haiwaki. Nimeshangaa, maana spotlaiti za mbele, yaani taa za ukungu za mbele, zote mbili zinawaka vizuri, na hata ile alama ya njano kwenye dashibodi inatokea nikiwasha. Nimenunua balbu mpya nikaiweka, bado kiza. Halafu nimegundua taa yenyewe ipo upande wa kulia peke yake, ndani ya taa kubwa ya nyuma; kushoto hakuna. Hiyo nayo ni kasoro? Gereji moja imeniambia kutafuta ugonjwa wa umeme kunalipiwa kwa saa, hawajui zitakuwa saa ngapi, na kwa gari la umri huu afadhali niliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siwezi kuing'oa tu hiyo taa? Nyumbani magari mengi hayana na yanatembea. MOT ya zamani inaisha wiki ijayo.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Gari usiliuze. Gari la miaka ile lililopita breki, chasisi, matairi na moshi, likaanguka kwa taa moja ya wati 21, ni gari zima. Wengi wangefurahi kupewa karatasi kama yako. Aliyekushauri uliuze hakupima chochote. Amehesabu saa zake tu.

Nianze na hilo la kuing'oa, kwa sababu ndilo litakalokupotezea pesa. Kwa sheria ya Uingereza, gari lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1980 au baada ya hapo lazima liwe na angalau taa moja nyekundu ya ukungu nyuma, ikae katikati au upande wa kulia. Ukiing'oa, mkaguzi ataacha kuandika "haiwaki" na kuandika "haipo", na gari litaanguka vilevile. Na hapo umeshajibiwa swali lako la kushoto: kiwanda kimeweka moja kwa sababu sheria inataka moja, na kwenye magari mengi nafasi ileile upande wa pili hupewa taa ya rivasi. Gari lako halina upungufu.

Spotlaiti za mbele ni habari nyingine kabisa. Kwa gari lililoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Machi 2018, mkaguzi wa MOT hazimhusu. Zingekuwa zimekufa zote mbili, gari lako lingepita. Kuwaka kwake hakukusaidii lolote, maana zina waya zake na mara nyingi fyuzi na rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme).

Unachosema kuhusu nyumbani ni kweli. Magari mengi ya Kenya na Tanzania yametumika kwanza Japani, na Japani hailazimishi taa ya ukungu ya nyuma. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha miaka ishirini kati ya Nairobi na Nakuru, akapita Limuru alfajiri haoni hata bampa ya lori lililo mbele yake, na asijue kuna taa iliyobuniwa kwa saa kama hiyo. Huku Uingereza kuna Mazda Bongo na Toyota Estima nyingi zilizoletwa kutoka Japani, nazo zote zilibidi ziongezewe taa hiyo ndipo zipite. Kumbuka hilo, nitalirudia chini, kwa sababu linakupa njia ya mwisho ukishindwa na zote.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa. Umenipa dalili kubwa bila kujua: alama ya njano inawaka. Kwanza hakikisha ni yenyewe. Alama ya spotlaiti za mbele ni ya kijani, miale yake imeinama na inatazama kushoto. Ya nyuma ni ya njano, miale yake imelala sawasawa na inatazama kulia. Kwenye Volkswagen nyingi za wakati ule swichi ya taa kubwa ndiyo hiyohiyo ya ukungu: unaizungusha, kisha unaivuta kwako. Mvuto wa kwanza ni taa za mbele, wa pili ni ya nyuma, na kama gari halikuja na za mbele kuna mvuto mmoja tu. Watu huvuta mara moja, wakaona spotlaiti zimewaka, wakazunguka nyuma kutafuta taa ambayo hawajaiwasha. Taa kubwa nazo ziwe zimewaka. Taa ya ukungu ya nyuma haitakiwi kuwaka peke yake, ndivyo ilivyofungwa.

Kama umethibitisha ni ya njano, basi kwenye gari la 2002, ambalo kwa kawaida taa zake za nyuma bado ni waya mtupu bila kompyuta ya kuzisimamia, alama ile hulishwa na umeme uleule unaokwenda kwenye taa. Kwa hiyo umeme umetoka kwenye betri, umepita fyuzi, umepita swichi, na umeanza safari ya kwenda nyuma. Ukisikia mtu anakuambia abadilishe swichi, mwambie asubiri. Ugonjwa uko kati ya swichi na balbu, au kati ya balbu na bodi ya gari ambako umeme unarudi betri, ile tunayoiita eathi. Mimi ningeanza na eathi, ingawa wateja wote huanza na balbu.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa. Jioni, rudisha gari mpaka mgongo wake uwe karibu na ukuta ili uone mwanga. Washa dim, washa taa ya ukungu, washa indiketa ya kulia, kisha mwambie mwenzako akanyage na kuachia breki huku wewe unatazama. Angalia taa zote za upande wa kulia kwa pamoja. Je, taa ya paking inafifia kila indiketa inapopiga? Je, breki ikikanyagwa kuna balbu nyingine inayopata mwanga hafifu ambao haukuwapo? Ukiona hivyo, eathi ya taa ile ya kulia imechoka. Umeme uliokosa pa kurudi hufanya kama maji ya mvua mtaro ulipoziba, unapita uwani kwa jirani: unapenya kwenye nyuzi za balbu nyingine kutafuta pa kutokea. Jambo hilo lenyewe ni kosa kwenye MOT, taa moja kuathiriwa na kuwaka kwa nyingine, kwa hiyo ukilitibu umeponya mawili.

Ikiwa taa nyingine zote za kulia zinawaka kwa nguvu na haziingiliani, eathi ya pamoja ni nzima. Hapo ugonjwa umebanwa sehemu tatu: balbu yenyewe, mguso wake ndani ya soketi, au ule waya mmoja wa ukungu.

Turudi kwenye balbu yako mpya. Ni aina gani? Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Iko P21W yenye uzi mmoja, madukani huitwa 382. Iko P21/5W yenye nyuzi mbili, 380, ya paking na breki. Na iko P21/4W, nayo nyuzi mbili, namba 566, ambayo magari kadhaa ya Ulaya huitumia kubeba paking na taa ya ukungu ndani ya kioo kimoja. Hizi mbili za mwisho ukiziweka kiganjani zinafanana kama mapacha. Tofauti iko kwenye vile vichunusi viwili vya pembeni vinavyofunga balbu: kwenye 380 vimetazamana, kimoja juu kidogo ya mwenzake, kwenye 566 navyo vimepishana kwa urefu, ila havitazamani sawasawa. Mwenye mkono wa nguvu anaweza kulazimisha 380 iingie kwenye soketi ya 566. Itaingia, itakaa upande, paking itawaka, na uzi wa ukungu hautagusa kitu. Mwenye gari anasema balbu ni mpya, na kweli ni mpya.

Soma maandishi kwenye shingo ya balbu, kisha linganisha na kitabu cha gari au na maandishi yaliyochapwa kwenye plastiki ya soketi. Usilinganishe na balbu uliyoitoa pekee, maana huenda kaka yako au fundi wake ndiye aliyelazimisha ile ya kwanza. Jaribu pia balbu moja kwa moja kwenye betri kwa waya mbili. Mpya nayo hutoka dukani imekufa, si mara nyingi, lakini hutokea. Na achana na balbu za LED za bei rahisi kwa kazi hii. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu hutoa mwanga wa waridi uliopauka, na taa ambayo kazi yake ni kuonekana ndani ya ukungu mzito haipaswi kuwa na rangi ya sharubati.

Ukishajua balbu ni sahihi na ni nzima, chomoa kile kibao cha plastiki kinachobeba balbu zote za nyuma. Kwa magari mengi ya aina yako unaingilia ndani ya buti, unafungua kijifuniko cha pembeni, unabana vibanio viwili na kibao chote kinatoka na balbu zake. Kipeleke kwenye mwanga. Tafuta plastiki iliyobadilika rangi kuwa kahawia au iliyoyeyuka, bati lililoungua likawa jeusi, kutu ya kijani kwenye shaba, na ulimi wa chini wa soketi uliolegea ukawa hausukumi balbu tena. Tazama hasa pini ya eathi pale plagi inapoingia.

Kwa nini hiyo? Piga hesabu. Balbu ya ukungu wati 21, breki 21, indiketa 21, paking 5: jumla wati 68. Kwa volti 12 hiyo ni karibu ampea 6, na zote zinarudi kupitia pini moja nyembamba ambayo pengine haijaguswa tangu gari litoke kiwandani. Kila waya wa kwenda una mzigo wake mdogo, lakini wa kurudi unabeba wa wote. Pini ikipata unyevu kidogo na kutu kidogo, ukinzani unapanda, inapata joto, chuma kinalegea, joto linazidi, na plastiki inaanza kuyeyuka. Ndiyo maana pini ya eathi huungua kabla ya wenzake. Ukikuta maji ndani ya kioo cha taa, umeshapata chanzo: mpira wa kuzuia maji umekufa, na usipoubadilisha utarudi kwenye kazi hiihii mwakani.

Kama huoni kilichoungua, sasa ndipo unahitaji kupima. Nunua testa ya taa, ile yenye sindano na waya wa kubana. Kwa kazi hii naipendelea kuliko mita ya namba, na nitakuambia sababu. Waya uliokatika nyuzi zote ikabaki moja bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti mzigo wowote. Ukiweka balbu ya wati 21 inayotaka karibu ampea 2, ule uzi mmoja unashindwa. Fundi anasema umeme upo, balbu inakataa kuwaka, na kubahatisha kunaanzia hapo, kwa gharama yako. Testa yenye balbu ndani yake inavuta mzigo kidogo na inasema ukweli zaidi.

Chomoa plagi ya taa ya kulia. Bana waya wa testa kwenye boliti safi isiyo na rangi, kisha gusa chanya ya betri kwa sindano kwanza uone kama testa inawaka, ili ujue boliti uliyochagua ni eathi ya kweli. Washa dim na taa ya ukungu. Gusa pini za plagi moja moja, na utakapopata inayowaka mwambie mwenzako azime na kuwasha taa ya ukungu tu. Inayozima na kuwaka naye ndiyo yako. Halafu geuza: bana testa kwenye chanya ya betri, kwa waya mrefu ukibidi, na uguse pini ya eathi ya plagi. Iwake kwa nguvu ileile.

Ukipata mwanga mzuri mara zote mbili, waya za gari ni nzima na ugonjwa uko kwenye kibao cha balbu. Ukipata wa kwanza na kukosa wa pili, ni eathi. Ukikosa wa kwanza ilhali alama ya dashibodi inawaka, waya wa ukungu umekatika njiani.

Mwenye mita na anayependa uhakika anaweza kupima upotevu wa volti, taa ikiwa imefungwa na imewashwa: mguu mmoja wa mita kwenye pini ya eathi, mwingine kwenye hasi ya betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, eathi inakula umeme uliopaswa kufika kwenye balbu.

Waya uliokatika njiani, kwa gari lako ambalo taa iko kwenye bodi, si jambo la kawaida sana. Kwa wasomaji ambao taa yao iko kwenye mlango wa buti, tazameni ule mpira unaopitisha waya karibu na bawaba. Waya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa na hatimaye hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana nje. Ambao taa yao iko chini kwenye bampa, adui yenu ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Huila plagi mpaka ikabaki unga.

Ila nikuulize jambo ambalo hukulitaja. Gari lina ndoano ya kuvutia trela? Kama lina soketi ya umeme nyuma, hebu ifungue. Ndani ya soketi nyingi kuna kiswichi kidogo sana ambacho kazi yake ni kukata taa ya ukungu ya gari pale plagi ya trela inapoingizwa, ili mwanga usigonge trela na kumrudia dereva. Kiswichi hicho kikiingia maji hukwama kikidhani trela ipo milele. Taa ya gari inakufa, alama ya dashibodi inaendelea kuwaka, balbu nzima, fyuzi nzima, eathi nzima. Dalili zako zinafanana na hizo neno kwa neno. Tiba ni kukitoa kiswichi kwenye mzunguko kwa kuunganisha waya zake mbili, au kubadilisha soketi. Kwenye soketi ya pini saba waya wa ukungu ni wa buluu, pini namba 2.

Matengenezo yenyewe ni madogo. Pini chafu zisugue kwa msasa laini, zipulize dawa ya kusafishia migusano, kisha paka grisi kidogo ya umeme ili unyevu usirudi. Ulimi uliolegea uinue taratibu. Eathi iliyooza usiipigie debe: unganisha waya mpya wa unene uleule kutoka pini ya eathi mpaka boliti safi ya bodi, uchomee risasi au utumie kiungo cha kubana, si kusokota na kufunga selotepu. Kibao kilichoyeyuka hakisafishiki. Tafuta kingine kwenye yadi ya magari yaliyovunjwa, na uulize kimetoka kwenye gari la usukani gani. Magari ya Ulaya bara mengi yana taa ya ukungu kushoto, na ukinunua taa nzima ya kulia iliyotoka Ujerumani au Poland unaweza kukuta mahali pa balbu pako wazi, hamna soketi.

Ambaye alama yake ya njano haiwaki kabisa, habari yake ni nyingine na fupi: aanze na fyuzi, aipime kwa testa pande zote mbili badala ya kuitazama kwa macho, kisha swichi. Fyuzi ikikatika tena baada ya kubadilishwa, kuna waya uliochunika unagusa bodi. Asithubutu kuweka fyuzi kubwa zaidi. Gari likiwaka moto hakuna MOT ya kuhangaikia.

Na ukishindwa na yote, au ukikuta waya zimechakachuliwa na watu watatu kabla yako, fanya kama wenye Bongo na Estima. Nunua taa ya ukungu ya kujitegemea yenye alama ya E ya kuidhinishwa, ifunge chini ya bampa, katikati au kulia. Iwe kati ya sentimita 25 na mita 1 kutoka ardhini, na isiwe karibu na taa ya breki kwa chini ya sentimita 10. Umeme wake uchukue kwenye mzunguko wa dim kupitia rilei na fyuzi, ili isiweze kuwaka taa kubwa zikiwa zimezimwa, na swichi yake iwe na kitaa cha kukuonyesha imewashwa. Isiunganishwe kamwe na breki. Kuna wanaopaka balbu ya rivasi rangi nyekundu na kuigeuza taa ya ukungu, eti kwa gari la kabla ya Septemba 2009 taa ya rivasi haikaguliwi. Hilo la kutokaguliwa ni kweli, lakini rangi hubabuka, na usiku utarudi nyuma gizani kwenye maegesho yaliyojaa watoto. Siipendi na simfungii mtu.

Kuhusu siku zako. Taa, ukiacha marekebisho ya mwelekeo wa taa kubwa, zimo kwenye orodha ya vitu vinavyorudiwa bure ukilirudisha gari kituo kilekile kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Siku hiyo kwako imepita. Lakini ndani ya siku 10 za kazi bado unaweza kurudi kwa ukaguzi wa sehemu tu, ambao ada yake ni ndogo kuliko ya mwanzo. Ukiwaachia gari walitengeneze hapohapo na walikague ndani ya siku hizo, ukaguzi wa kurudia hauna malipo. Zikipita, utaanza upya kwa ada kamili, na ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa gari dogo ni pauni 54.85.

MOT ya zamani ikiwa haijaisha na karatasi haijaandika kosa la hatari, bado gari liko ndani ya muda wake, ingawa linatakiwa litimize sheria za barabarani wakati wote. Ikishaisha, unaruhusiwa kuliendesha kwenda kutengenezwa au kwenda kwenye ukaguzi uliokwisha kuuwekea miadi, basi. Kuendesha bila MOT faini yake inaweza kufika pauni 1,000. Kwa hiyo weka miadi ya kurudia leo, hata kabla hujafungua buti.

Kabla ya hapo, ingiza namba ya gari kwenye huduma ya serikali ya historia ya MOT, ni bure na kumbukumbu zake zinaanzia 2005. Ukiona taa ya kulia, iwe breki, paking au ukungu, imeandikwa mara kwa mara miaka ya nyuma, usihangaike na balbu tena. Nenda moja kwa moja kwenye pini ya eathi.

Na ukiamua kumpa fundi, usimwambie "tafuta tatizo". Mwambie: "Pima umeme na eathi kwenye plagi ya taa ya nyuma ya kulia, taa ya ukungu ikiwa imewashwa, halafu nipigie kabla hujaendelea." Hiyo ni kazi ya dakika chache na ina bei inayojulikana. Fundi anayekataa kukutajia bei ya kazi hiyo, mtafute mwingine. Leicester ina gereji nyingi.

Ukipima mwenyewe ukakwama, niandikie mambo matatu: namba iliyo kwenye shingo ya balbu, testa imefanya nini kwenye pini ya ukungu na ya eathi, na kama gari lina soketi ya trela. Picha ya kibao cha balbu upande wa ndani ukiiambatisha, ni bora zaidi.